Barua za Mlali

Mlali ya utoto wangu, miaka ya 1980, haikuwa na posta. Tulikuwa bado chini ya Wilaya ya Mpwapwa, maana Kongwa ilikuwa haijawa wilaya, na barua zetu zote zilipitia sanduku la posta la shule, huko Kongwa mjini. Ukimwandikia mtu wa Mlali, uliandika jina lake, chini yake jina la shule, kisha S.L.P. na Kongwa. Mkulima wa uwele, mama mjane, kijana anayesubiri majibu ya kazi, wote walikuwa na anwani moja na sisi wanafunzi.

Barua ilisafiri na aliyekuwa anasafiri. Mwalimu akienda Kongwa kufuata mshahara, alirudi na furushi la bahasha lililofungwa kwa uzi wa katani. Kwenda, ilikuwa ni kumtafuta mwenye safari: mchuuzi wa ng'ombe anayetoka mnadani, utingo wa lori la karanga, mzee anayempeleka mjukuu hospitali. Ulimpa barua na hela ya stempu mkononi. Mara nyingi hukumjua. Ulimwamkia, "Mbukwenyi," ukamwambia wewe ni mtoto wa nani, naye akaitia barua kwenye mfuko wa shati upande wa moyo. Sikumbuki hata mara moja kusikia kwamba msafiri alikula hela ya stempu ya mtu.

Siku barua zilipofika, majina yalisomwa mstarini asubuhi. Sisi wa darasa la sita tuliojua kusoma vizuri tulikabidhiwa barua za wazee, tukazipeleka nyumbani kwao na kuzisoma kwa sauti, tumekaa kwenye kivuli cha tembe. Nyingi zilitoka kwa vijana waliokwenda kukata mkonge Kilosa. Zote zilifuata mwendo mmoja: dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako, ama mimi huku ni mzima wa afya, hofu ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Bibi mmoja jirani yetu alitaka sehemu hiyo irudiwe kabla hajaruhusu habari nyingine. Kama kulikuwa na mani oda, nayo ilisubiri hadi salamu ziishe. Na tulikuwa na agizo la mwalimu: ukiona neno la msiba, usilitamke, funga karatasi, kamwite mtu mzima.

Katika kazi hiyo ndipo tulipopata kuzipenda stempu. Mwenye barua alichukua barua, sisi tukaomba bahasha. Tulikata kipande chenye stempu, tukakiloweka kwenye bakuli la maji ya vuguvugu mpaka gundi iachie, tukaianika stempu kifudifudi juu ya gazeti, ikikauka tukaigandamiza ndani ya kitabu. Daftari langu lilikuwa na vipepeo wa toleo la 1973, na samaki wa toleo la 1967 niliowapata kwenye bahasha kuukuu za baba mdogo. Zilikuwapo pia zile zilizoandikwa Kenya, Uganda na Tanzania pamoja, za enzi posta ilipokuwa moja kwa nchi zote tatu, kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika mwaka 1977. Kwa mapadre Wakapuchini tulipata stempu za Italia. Mihuri nayo tuliisoma kwa makini: Kongwa, Mpwapwa, Gulwe, Kilosa, Dodoma. Jiografia ya nchi yangu nilianza kuijua kwa duara hizo za wino mweusi, nikizifuata kwenye ramani ya darasani, kituo kwa kituo, kando ya Reli ya Kati.

Halafu tukaanza kuandika za kwetu. Tuliandika kadi za salamu kwenda Radio Tanzania Dar es Salaam, tukakesha karibu na redio kusubiri jina la Mlali litajwe. Tuliiandikia Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle, wakati huo ikiwa Köln, nayo ikatuletea kalenda zenye picha za theluji. Tulitafuta marafiki wa kalamu. Wangu alikuwa msichana wa Tanga, aliyenieleza bahari ilivyo, nami nikamweleza mbuyu na korongo la mchanga ambalo masika hugeuka mto kwa siku moja. Barua moja ilichukua wiki kadhaa. Kwa hiyo hukuandika ovyo. Ulifikiri kwanza nini kitakuwa bado kina maana itakapofika.

Ukubwani nilisoma habari za Dartmoor, nyika ya vilima kusini magharibi mwa Uingereza. Mwaka 1854 mwongoza wageni aitwaye James Perrott aliweka chupa mahali pagumu kufikika, Cranmere Pool, ili waliofika huko waache kadi zao. Baadaye ikawa desturi: mgeni anaacha barua yenye stempu, na mpita njia anayefuata anaichukua akaitie posta. Siku hizi ni mchezo ulioenea hadi Marekani. Watu huficha porini visanduku vyenye daftari na muhuri, wengine huvitafuta kwa kufuata maelezo na kugonga mihuri kwenye madaftari yao. Niliposoma hayo niliwaona watu wa kwetu. Dartmoor walifanya kwa kujifurahisha, Mlali tulifanya kwa shida ya njia, ila kote barua ilifika kwa sababu mtu baki alikubali kuibeba.

Simu imefanya mengi mema, na mama wa leo hangoji wiki kadhaa kujua kama mwanawe yu hai. Lakini uaminifu ule wa kubebeana maneno ya watu, bila kuyafungua, ni mali ya vijiji vyetu na unastahili kuandikwa. Wewe msomaji, kama kuna sanduku la bati chini ya kitanda cha wazazi wako lenye barua za zamani, usizichome wala usizifungie maandazi. Kaa na mzee angali hai, muulize kila barua ilitoka kwa nani na nani aliileta, uandike nyuma ya bahasha. Hiyo ndiyo historia ya nyumba yenu, na hakuna mwingine atakayeiandika.