Kwa mwanangu anayeikimbia hesabu

Kirumba, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Baba yako kaniambia umesema hesabu ni ya wavulana, na kwamba ukimaliza kidato cha nne hutaki kuiona tena. Usiku ule sikulala vizuri, maana maneno hayo nayajua yalikotoka. Ni yangu. Umekua ukinisikia nikisema mbele za watu, “Sisi wanawake na hesabu wapi na wapi.”

Nimesoma kuhusu uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Chicago uliochapishwa mwaka 2010. Walimu wa kike walioogopa hesabu walipofundisha madarasa ya mwanzo, hadi mwaka unaisha wasichana waliokwisha kuamini kuwa hesabu ni ya wavulana walikuwa wamebaki nyuma. Wavulana haikuwagusa. Nilijiona mle. Naomba unisamehe.

Mimi nilianza kuogopa kidato cha kwanza. Shule ya msingi nilizidisha na kugawanya kwa Kiswahili bila shida. Mara kila kitu kikawa Kiingereza. Siku moja nikanyoosha kidole. Mwalimu akasema niulize kwa Kiingereza au nikae. Nikakaa. Sikunyoosha tena mpaka namaliza shule.

Lakini wewe nilikuona sokoni Mwaloni likizo iliyopita. Mama wa Geita alichukua sado 14 za dagaa kwa 6,500 kila moja, akatoa laki moja. Ulimrudishia 9,000 mimi bado natafuta simu nipige hesabu. Darasani unaingia na kichwa hicho hicho, ila hofu inakula nafasi: nusu inashika namba, nusu inawaza “watanicheka”, na namba zinaponyoka kama sato mkononi.

Ng'ambo ya ziwa letu, Bukoba, mwaka 1954 alizaliwa Verdiana Masanja, mwanamke wa kwanza Mtanzania kupata shahada ya uzamivu ya hisabati. Alibobea katika mtiririko wa vimiminika. Napenda kuwaza kwamba maji haya haya ndiyo aliyoyatazama utotoni.

Jumamosi njoo na daftari lako la aljebra. Ile niliyoikimbia tutaianza pamoja, wewe ukinifundisha. Ukikwama, uliza kwa Kiswahili kwanza. Kiingereza chake tutakitafuta baadaye. Nitakuwekea sato wa kuchemsha.

Shangazi yako