Pima kilo za mtoto kabla ya kupanda Brenta

Mzazi anayetaka kupita na mtoto kwenye majabali ya Brenta, kaskazini mwa Italia, atafute mizani kwanza. Mtoto anaweza kuwa jasiri, mwenye miguu imara, na bado njia ikawa na hatari kwake kwa sababu ya kilo zake tu.

Brenta ni sehemu ya milima ya Dolomites. Njia zake huitwa via ferrata, yaani njia za chuma, ingawa hakuna reli wala treni. Ni waya mnene uliofungwa kwenye jiwe, pamoja na ngazi, ili mtu asiye mkweaji apite penye genge. Nyaya kama hizo zilitumiwa na askari wa Italia na Austria huko Dolomites wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Njia ya Brenta, Bocchette, ilianza kujengwa miaka ya 1930 kwa ajili ya wapenda milima.

Safari ya siku tatu na mwongozaji huanza kirahisi mno. Gari la kuning'inia kwenye nyaya humtoa mgeni mji wa Madonna di Campiglio na kumfikisha Grostè, zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, kabla hajatoka jasho. Mwili haujapata muda wa kuzoea. Usiku huo, katika nyumba ya wapandaji ya Tuckett, kichwa kinaweza kugonga. Mtoto mdogo huenda asiseme kinauma. Atasusa chakula na kulialia. Apumzike na anywe maji. Akizidi, ashushwe.

Siku ya pili kuna ngazi ndefu kuelekea Alimonta. Ya tatu ndiyo yenyewe: kingo nyembamba za mawe, ukuta upande mmoja, upande wa pili hewa tupu. Wajenzi hawakuifikisha njia vileleni. Hivyo waliwaachia wakweaji.

Hapa kila mtu huvaa helmeti na mkanda wa kiunoni na mapajani, wenye kamba mbili fupi za kulabu. Kulabu huhamishwa moja moja, ili nyingine ibaki imeshika waya. Anayeanguka huteleza na waya mpaka nondo inayofuata, pengine mita kadhaa, kisha hukatizwa ghafla. Kifaa kilichoshonwa kwenye kamba hufumuka taratibu na kumeza mshtuko huo.

Lakini viwango vya Ulaya hukipima kifaa hicho kwa watu wa kilo 40 hadi 120. Mtoto wa kilo 30 ni mwepesi mno kukifumua inavyotakiwa, na mshtuko huishia mwilini mwake. Ndiyo maana mwongozaji humfunga pia kwa kamba yake mwenyewe, akimshikilia kutoka juu. Hiyo ndiyo kazi anayolipwa, na mzazi asione aibu kuidai.

Mlima Kenya nao una njia fupi ya aina hii karibu na Point Lenana, mita 4,985, ambako hewa ni nyepesi zaidi.

Brenta watu huondoka alfajiri. Radi za kiangazi hupenda mchana, na waya huo ni chuma. Wingu jeusi likionekana mapema, mwongozaji hugeuza kundi, hata kama mtoto analia kwamba ngazi ile aliyoahidiwa iko pale tu mbele.