Nyuzi za Usiku Kucha

Uzi wangu wa kwanza wa gita ulitoka kwenye breki ya baiskeli. Busia ya utotoni mwangu ilikuwa mji wa baiskeli. Ndizo zilizovusha watu na magunia mpakani kati ya Kenya na Uganda, na mafundi wake walikaa kila kona. Kipande cha waya wa breki kilichokatika hakikuwa na mwenyewe. Tulikifumua, tukachomoa nyuzi nyembamba moja moja, tukazifunga kwenye gita tulilotengeneza kwa galoni. Hazikunyooka kamwe. Msokoto wa kiwandani uliacha vijiwimbi ambavyo ungevihisi kwa ukucha, na ulipobonyeza juu ya shingo, sauti ilipotoka.

Hata hivyo zilikuwa chuma, na chuma ndicho gita la umeme linachosikia. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme unazaliwa. Mshipi wa nailoni, ule wa wavuvi wa Port Victoria na Sio Port, unalia vizuri kwenye kinubi cha nyatiti, lakini ufunge kwenye gita la umeme uone: spika inanyamaza kabisa.

Nilipoingia bendi ya baa moja Malaba, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wakongo walikuwa wameshatupita njiani. Samba Mapangala na wenzake wa Les Kinois walikuwa wametoka Kampala wakahamia Nairobi mwaka 1977, na sahani zao zilipigwa kila mahali. Wateja wetu walikuwa madereva wa malori waliosubiri karatasi za forodha, watu wa Rwanda, Kongo, Mombasa, wote na wimbo wao. Tulipiga rumba, tukapiga benga ya D.O. Misiani, na usiku ukikolea Waluhya wakadai omutibo ya George Mukabi. Tulianza saa tatu usiku tukashuka jukwaani kukipambazuka. Uzi wa gita nimeujulia hapo, chini ya mabati, jasho likitiririka hadi viganjani.

Nyuzi huitwa kwa unene wa uzi wa kwanza, ukipimwa kwa sehemu za elfu moja za inchi. Seti ya 9 kwa kawaida inaishia 42, ya 10 inaishia 46. Kwenye gita lenye kipimo cha Fender, inchi 25.5, seti ya 10 inavuta shingo kwa jumla ya kilo 46 hivi, ya 9 kwa kilo 38. Kilo hizo nane mkono unazihisi mara moja.

Vijana wengi huniletea ushauri waliousoma, kwamba nyuzi nyembamba ndizo bora. Ushauri huo una kwao. Kule California, Ernie Ball aliona wanafunzi wa gita wakihangaika na uzi wa tatu mnene, wa 29, uliozungushiwa waya. Mwaka 1962 akaanza kuuza seti zake nyepesi za Slinky. Wapigaji wa bluzi na roki walizipenda kwa sababu wao huuvuta uzi kando ili sauti ipande na kulia. Sisi hatuvuti uzi kando. Solo ya benga inakimbia nota kwa nota, kila moja imekatwa safi, na kidole cha mkono wa kulia kinachapa kwa nguvu saa nyingi. Uzi wa 9 ukichapwa hivyo unayumba, sauti inapanda kidogo kisha inashuka, na gita la ridhimu lililo kando yako linaonekana limepotoka ilhali ni wewe. Kwa benga mimi nafunga 10, na pale ninapopata, 11. Uzi unasimama imara, na mlio wake una nyama.

Mwenzangu mwingine wa gita alikuwa na njia yake ya Kikongo, mi-kompoze: aling'oa uzi wa nne mnene, akaweka mwembamba uliopandishwa oktava nzima. Gita lake likawa linang'ara katikati, kati ya solo na ridhimu, bila kugombana na besi. Hakuna seti ya dukani iliyofungwa hivyo. Ilibidi anunue uzi wa ziada, na uzi mmoja mmoja haukupatikana kirahisi; tulimwagiza mtu wa Kampala au wa Nairobi, tukangoja.

Kuhusu madini, nikeli tupu ina sauti ya upole ninayoipenda kwa rumba ya polepole. Chuma kilichopakwa nikeli kinang'aa zaidi na kinafaa karibu kila kitu. Chuma kisichoshika kutu kinavumilia jasho kuliko vyote, ila kinakwangua freti, na kubadilisha freti ni gharama kubwa kuliko seti nyingi za nyuzi.

Jasho ndilo adui. Linaingia kwenye mifereji ya nyuzi zilizozungushiwa, linachanganyika na uchafu wa vidole, na ule mng'ao unakufa. Pesa zikiwa hazipo tulichemsha nyuzi nene kwenye sufuria, tukazifuta, tukazianika zikauke kabisa. Zilifufuka kwa usiku mmoja au miwili. Nyembamba hatukuzichemsha, zikishaliwa na kutu zimekwisha.

Kafyu ya korona ya 2020 ilipotufungia baa, magita yangu mawili yalining'inia ukutani hadi ilipoondolewa Oktoba 2021. Moja lilikuwa na nyuzi za kawaida, nazo zilikuwa zimegeuka kahawia na kukwaruza kidole. La pili nilikuwa nimelifunga Elixir, zile zenye ngozi nyembamba ya plastiki. Nililishusha, nikalitia sauti, nikalipiga. Bei yake ni ya kuumiza, na mguso wake una utelezi ambao baadhi ya wapigaji hawauwezi, lakini tangu hapo gita la akiba silifungi nyuzi nyingine.

Siku hizi wanaonijia zaidi kufungiwa nyuzi ni wapigaji wa makanisani. Juzi kijana mmoja kutoka Amagoro aliniambia, "Mwalimu, niwekee zile zako nene." Nikamwomba apige kwanza. Alikuwa anavuta uzi kando karibu kila mstari, kwa mtindo wa injili ya Marekani, na alikuwa anajua. Nikamfungia 9.