Kilima Kinachopitiwa na Daladala

Mvua ya vuli ilinyesha usiku kucha, na asubuhi Mwenge ilikuwa inanukia udongo mbichi, vitumbua na moshi wa magari. Nilikunywa supu kwa chapati nimesimama, kisha nikajibana kwenye daladala la Changanyikeni, goti langu likiegemea ndoo ya samaki. Mwenye ndoo akanituliza: "Usijali mwanangu, wamefunikwa." Samaki ndio, harufu hapana. Nyuma yangu fundi mwashi alikumbatia mwiko na timazi. Mbele, vijana wawili walikuwa wanabishana juu ya mtihani wa saa tatu. Tukaiacha Barabara ya Sam Nujoma, tukapanda kilima, konda akagonga bati: "Utawala! Utawala kuna mtu?" Tukashuka mimi na wale vijana. Fundi na mama wa samaki wakaendelea na safari yao.

Hivyo ndivyo nilivyoingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndani ya gari la watu ambao kwao chuo ni njia ya kwenda nyumbani. Mtu wa Mombasa kama mimi, niliyezoea kuulizwa kitambulisho kila penye jengo la maana, nilisimama kidogo nikitazama kama kuna atakayenifukuza. Hakutokea.

Mlimani, ndivyo chuo kinavyoitwa, ni pazuri kuliko nilivyosimuliwa. Mikrismasi ilikuwa imewaka maua mekundu, na tumbili walikaa ukutani wakikagua mifuko ya wapita njia bila aibu yoyote. Ukumbi wa Nkrumah niliujua kabla sijaonyeshwa, maana ulikuwa nyuma ya noti ya shilingi 500 ya toleo la 2010. Mbele kuna maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 2018, kubwa hata ukiizunguka juani unataka maji. Chuo chenyewe hakikuzaliwa hapa. Kilianza 1961 kule mjini, Mtaa wa Lumumba, katika jengo la chama cha TANU, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiofika 20. Kilihamia kilimani 1964, kilomita 13 hivi kutoka katikati ya jiji, mbali na kelele. Kelele zikakifuata: Ubungo, Msewe, Savei, Makongo, Changanyikeni, mabati yamekizunguka pande zote.

Suala la nani anamdai nani, msomi au mwananchi, lilizuka mapema. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400. Kwake, msomi alisomeshwa kwa jasho la mkulima, na deni hilo lazima lilipwe. Miaka michache baadaye Walter Rodney alikuwa anafundisha historia hapa, akiandika kitabu chake kilichotoka 1972 kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Hiyo ndiyo Mlimani inayosifiwa vitabuni. Mimi siku hiyo nilikutana na Mlimani nyingine, kwenye benchi la kivulini.

Nilimwamkia mzee mmoja wa Msewe, akaniitikia marahaba ndefu, kisha akafungua mfuko wa nailoni wenye karatasi za kiwanja. Amekuja kutafuta wanasheria. Walimu wa sheria wa hapa wana kamati ya msaada wa kisheria tangu miaka ya 1960, na mambo yanayowafikia ni yale yale ya mtaani: mpaka wa kiwanja, mirathi, matunzo ya mtoto. Nilimuuliza kama haoni tabu kuzungumza na wasomi. Akacheka. "Hawa vijana wetu. Wengine wamepanga kwangu."

Saa saba nikashukia Changanyikeni kwa bajaji iliyokwama kwenye tope, abiria wote tukashuka kuisukuma, mimi kiatu kimoja kikabaki nyuma. Huku ndiko chuo kinakolala, maana mabweni hayawatoshi wote. Vyumba vya kupanga vimejengwa hadi ukingoni mwa mtaro, ndoo za maji zimepangwa foleni uani, na kila baada ya nyumba mbili kuna stationeri. Niliingia moja kujikinga na jua. Kijana mwenye kompyuta alikuwa anabaindi tasnifu nene; alipomaliza akamwandikia bibi mmoja barua ya kwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kuhusu maji machafu ya jirani. Bibi anasema, kijana anachapa, na mwenye tasnifu, ambaye angeweza kuondoka, akabaki kusahihisha sentensi. Bibi hakukubali neno moja laini alilopendekezewa. Alitaka barua iwe kali.

Mama lishe wa jirani alinipakulia wali, maharage ya nazi, mchicha na kipande cha tikiti, akaniongezea ukoko bila kuombwa kwa kuwa "mgeni hajui utamu ulipo." Anawalisha wanafunzi kwa daftari. Bumu likichelewa, yaani fedha za mkopo wa serikali, majina yanarefuka, likiingia, yanafutwa. Nilimuuliza wangapi humkimbia. "Wachache. Wengine humaliza chuo, wanarudi na gari kunilipa soda."

Alasiri nilipitia Mlimani City, jengo la maduka lililofunguliwa 2006 kwenye ardhi ya chuo na mwekezaji kutoka Botswana. Ubaridi mzuri, vyoo safi. Nilinunua maji nikatoka.

Jioni Savei inafuka moshi wa mishkaki. Zege, ndilo jina la chipsi mayai mjini hapa, linageuzwa kwenye kikaango kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili ukipokea fedha. Meza yangu ilikuwa na mwalimu wa fizikia, dereva wa bodaboda na fundi wa friji, nao hawakuulizana vyeo, walikuwa wanarushiana maneno juu ya Simba na Yanga, mwalimu akichora pembe ya mpira wa adhabu kwa kijiti cha kuchokolea meno, dereva akimwambia, "Prof, hesabu zako hazina kipa." Wakanigeukia: mgeni timu gani? Nikasema Bandari ya Mombasa. Wakatazamana kwa huruma, wakaagiza nyongeza ya mishkaki, wakanisogezea sahani.