Kibete wa Kilimia

Kilimia, nyota ambazo wazee wetu walizitazama kujua majira ya kulima, zilizaliwa pamoja katika wingu moja la gesi. Mwaka 1995 wanaastronomia wa Visiwa vya Canary, Hispania, walitangaza kugundua humo Teide 1, kibete cha kahawia: kilijikusanya kama nyota, bila kufikia ile asilimia 7 au 8 ya uzito wa Jua inayohitajika kuunguza haidrojeni.

Je, ni nyota iliyoshindwa? Sisi tunaosoma falsafa tumefundishwa na Aristotle kupima kitu kwa asili yake, si ya jirani. Mwenzetu alipoondoka seminari, kijijini walisema ameshindwa. Hatukubali. Teide 1 bado inatoa joto lake, ndani ya Kilimia. Ndugu msomaji, tumwombee mwenzetu, na tumwite kwa jina lake.