Fimbo au miaka 30?

Wadau, kuna kipengele kimoja cha sheria za hapa Bongo kinaninyima usingizi. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, maarufu kama SOSPA, iliweka hivi: mtu mzima akipatikana na hatia ya kubaka, kifungo kisipungue miaka 30. Lakini mbakaji akiwa mvulana wa miaka 18 au pungufu, tena kosa la kwanza, adhabu ni viboko tu. Anachapwa, anarudi mtaani. Mtaa ule ule anaokaa binti aliyembaka! Mwenzake wa miaka 19, kosa lile lile, akitoka jela ana mvi.

Msinielewe vibaya jamani. Sitaki dogo wa miaka 15 atupwe Ukonga na majambazi sugu. Sheria ya Mtoto ya 2009 ilikataza kumfunga jela mtoto, na hapo naiunga mkono kabisa (nani kati yetu bado ana akili zile za kidato cha pili?).

Ila kati ya fimbo na miaka 30 hakuna kitu? Kipo, shule ya maadilisho. Shida ni kwamba kwa miaka mingi Tanzania Bara nzima imetegemea moja, Irambo kule Mbeya. Mama wa Mtwara atamtembelea mwanaye kwa nauli gani?

Mimi nasema zijengwe nyingine, walau kila kanda. Dogo akae huko, asome, afuatiliwe akitoka. Na yule binti aulizwe kabla jamaa hajarudishwa mtaani kwao. Mnasemaje?