Mwalimu, mita inasomaje?

Najua nimepotea sana humu, mnisamehe. Nimerudi chuoni juzi kutoka mafunzo kwa vitendo, bumu bado halijatoka, kwa hiyo nina muda wa kuandika.

Nilipangiwa redio moja ya jamii kando ya Ziwa Victoria (jina nalihifadhi). Nilifika na kichwa kikubwa. Mwaka wa tatu, umeme na mawasiliano, nani ataniambia kitu?

Meneja ni mwalimu mstaafu, kila mtu anamwita Mwalimu. Anajua habari, anajua watu, anajua kuandika maombi ya fedha. Chumba cha mitambo ndiyo alikuwa haingii kabisa. "Mwanangu, mle ni kwa fundi," aliniambia. Na fundi mwenyewe yuko Mwanza, mpaka umtumie nauli na posho.

Sasa, vijiji vya nyuma ya mlima vilikuwa havipati matangazo tena. Kamati ikaamua kwamba transmita ya wati 100 imezeeka, inunuliwe ya wati 300. Wananchi wakaanza kuchanga. Nilikuwepo siku mama mmoja muuza dagaa alipofungua kanga akatoa elfu mbili, akaandikiwa risiti. Mimi msomi nikaulizwa maoni, nikaunga mkono, tena kwa hesabu kwenye karatasi. Kweli jamani.

Pesa zilipokaribia kutimia, Mwalimu akampigia fundi kuulizia bei. Fundi akajibu kwa swali: "Mwalimu, mita inasomaje?" Mwalimu akanipa simu. Nikaingia, nikasoma: nguvu inayokwenda kwenye antena wati 40, inayorudi 12. Fundi akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mdogo wangu, hiyo 12 inakwambia nini?"

Jasho likanitoka. Swali hilo nimelifanya darasani, na nilipata! Lakini mita yenyewe sikuwahi kuiona. Nguvu ikishindwa kutoka kwenye antena, inarudi kwenye waya. Transmita ikiona inarudi nyingi, inajipunguza yenyewe isiungue. Yaani ile ya wati 100 haikuzeeka, ilikuwa inajilinda. Tungefunga ya wati 300 kwenye antena ileile, nayo ingejipunguza, au ingeungua.

Tukazima mitambo kwanza (kamwe usifungue waya wa antena transmita ikiwa imewaka). Kijana mzoefu wa minara akapanda na mkanda wake. Konekta ya juu ilikuwa imeingia maji, shaba imegeuka kijani. Konekta mpya ikaja na basi kutoka Mwanza, tukakata kipande kilichooza, tukafunga, tukazungushia utepe wa mpira kuzuia mvua. Tukawasha. Inayokwenda 98, inayorudi 1. Jioni ile simu za nyuma ya mlima zikaanza kuingia.

Wote tulishangilia isipokuwa Mwalimu. Alikaa kwenye benchi nje, akasema, "Nimechangisha maskini kwa sababu sikujua kusoma namba mbili." Sikuwa na la kumjibu. Ningemjibu nini wakati hata mimi niliyezisomea sikuziangalia?

Kesho yake alitangaza mwenyewe hewani: kosa lilikuwa nini, na mwenye kutaka mchango wake aje na risiti.

Wadau, nimeona kitu kimoja. Meneja wa redio ya jamii halazimiki kuwa injinia. Anahitaji kujua mitambo yake ikiwa nzima inasomaje, ili ikiugua ajue. Kila asubuhi asome namba mbili aziandike kwenye daftari. Aangalie feni zinazunguka na vumbi limefutwa. Aangalie waya wa ardhini haujakatika, maana radi ya kule haina utani. Na awe na fundi ambaye anaweza kumuuliza kwa simu bila kuona aibu. Daftari ni bei ya chapati mbili tatu tu!

Siku naondoka nilimwachia daftari, nimemchorea mistari mwenyewe. Tangu hapo kila asubuhi kabla ya lekcha ya kwanza ananitumia ujumbe, bila salamu wala nini. Leo: "97 na 1. Feni moja inalia."

Nimemwambia aifute vumbi kwanza, halafu ampigie fundi. Akanijibu: "Nimeshampigia, mwanangu. Soma."

Haya, ngoja nikasome. UE hiyooo inakuja.